Kimanda cha Mbatata, Si cha Nyanya

Kosa langu la mwanzo jikoni lilikuwa kumpikia Mspania kimanda cha viazi vitamu. Nililifanya kwa uangalifu mkubwa, na ndiyo maana mpaka leo linaniuma. Vipande nilivikata kwa kupimia rula. Mtu mzembe akikosea watu husema ni kawaida yake. Kosa langu mimi lilikuwa nadhifu, limepangwa duara juu ya sahani, na juu yake nimenyunyiza kotmiri.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, wiki yangu ya kwanza katika kambi ya kampuni moja ya barabara nje ya mji wa Ibra, kusini ya Maskat, katikati ya miaka ya sabini. Tulikuwa tumetoka Unguja, mama, mimi na dada zangu wawili. Sikuwa na cheti cha kitu chochote. Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani, yaani naweza kusoma kurasa lakini siwezi kununua ndizi. Kazi niliipata kwa sababu mpishi mkuu wa kambi alikuwa akisema Kiswahili. Huyo alikuwa Mzee Rajabu, Mwarabu wa Ujiji, mtu mnene mwenye sauti ya kusimamisha treni. Alizaliwa bara akakulia bara, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Jambo hilo sikulipa uzito.

Siku ya nne akaniita. "Kesho asubuhi yule muhandisi Mspania anataka mayai ya kwao. Unakata viazi, unakaanga, unachanganya na mayai. Kazi rahisi."

Sasa, mtu wa Unguja akiambiwa viazi anajua viazi ni vipi. Ni vile vyekundu, vitamu. Vile vya mviringo vya kukaangia chipsi ni mbatata, na nyumbani kwetu hakuna aliyepata kuziita jina jingine. Stoo palikuwa na gunia zima la mbatata. Nikaliruka, nikatoka nje kutafuta viazi. Nikavipata kwa mkulima aliyekuja kushusha mboga kutoka Samad Ash Shan. Yeye akaviita findal. Nikarudi nimejaa furaha, nadhani nimeiokoa kambi.

Muhandisi Anselmo akatafuna mara moja, akaweka uma chini. Alikuwa mtu mpole. Akauliza, kwa Kiarabu kibovu kama changu, kama leo mmoja wetu anasherehekea siku yake ya kuzaliwa.

Mzee Rajabu akaonja, akanigeukia. "We kijana, umetia sukari?"

"Sijatia, mzee. Ndivyo vilivyo."

"Ndivyo vilivyo vipi? Hivi ni viazi vitamu!"

"Uliniambia viazi."

"Nilikwambia viazi! Sikukwambia viazi vitamu!"

"Kwetu viazi ndivyo hivi. Ulivyotaka wewe ni mbatata."

"Mba-nini? Gunia zima liko nyuma yako, umelipita kwenda kununua chakula cha watoto wachanga!"

Mtunza stoo, mtu wa Ibra asiyejua Kiswahili lakini aliyejua ugomvi, akasogea. Akalionyesha gunia: "Batata." Akaionyesha sahani: "Findal. Khalas." Akarudi zake stoo.

"Umesikia?" nikamwambia Mzee Rajabu. "Hata yeye anasema batata."

"Nyinyi watu wa visiwani mkishindwa hoja mnaleta shahidi Mwarabu."

"Kwani wewe si Mwarabu, mzee?"

"Mimi ni Mwarabu wa Ujiji. Osha kikaango."

Kikaango nilikiosha, kisha nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia. Nawaandikia haya nyinyi mnaofanya kazi jikoni sasa, na sioni faida ya kujifanya shujaa. Siku mbili sikula. Siku ya tatu nikamwendea muhandisi nikamwomba anionyeshe mwenyewe. Ijumaa, siku yake ya mapumziko, akaja jikoni na shati jeupe, akakunja mikono.

Mambo aliyonionyesha ni machache, nami sijayapunguza wala kuyaongeza. Mbatata zinakatwa nyembamba, zisizolingana sana, maana zile nene kidogo ndizo zinazobaki na umbo. (Hapo rula yangu ikastaafu.) Zinapikwa ndani ya mafuta mengi kwa moto mdogo, pamoja na kitunguu, mpaka zilainike. Zisigeuke rangi. Zikigeuka rangi umepika chipsi, na chipsi ni kitu kingine. Zinachujwa kwenye chungio. Zinatiwa ndani ya mayai yaliyopigwa, zinaachwa zikae, ili mbatata inywe yai. Kisha zinarudi kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, na upande wa chini ukishika, unafunika kwa sahani, unapindua, halafu unakitelezesha tena kikaangoni upande wa pili. Ndani kibaki laini.

Saa sikuwa nayo. Nikipika nilikuwa napima muda kwa kusoma sura ya Tabaraka kwa sauti ndogo, kwa mwendo wa chuoni. Sura moja mpaka mwisho, mbatata ziko tayari kuonjwa. Muhandisi aliniangalia midomo.

"Unazungumza nazo?"

Kabla sijajibu, Mzee Rajabu akatoa sauti kutoka kwenye sinki. "Anazisomea. Hata mimi ningekuwa mbatata ningelainika."

Mpinduo wa kwanza ulinishinda. Nilisita katikati, na kimanda kikanimwagikia mkononi na mafuta yake. Kovu lipo, mkono wa kushoto, kutoka kifundo mpaka karibu na kiwiko. Muhandisi akanitia maji, akaniambia neno moja ambalo nimelibeba miaka yote: usisimame. Ukishaanza kupindua, pindua. Vijana wawili kati yenu, miezi yangu ya mwisho jikoni, nimewaoneni mnasita pale pale niliposita mimi. Mikono yenu bado mizima. Sijui mtaendelea na bahati hiyo mpaka lini.

Kambi ikahamia Dima wa Tayyin, milimani, na huko nikajifunza mayai. Lori lilikuwa linatoka Ibra asubuhi na kufika mchana, na njia ilikuwa mawe matupu. Safari ya kwanza trei zilifungwa nyuma pamoja na saruji, tukafika na supu. Tangu siku hiyo nilikuwa nayapakata. Trei moja mapajani, nyingine kifuani, dereva akinicheka toka mwanzo wa safari hadi mwisho. "Wallahi," alisema, "mke wako atawaonea kuku wivu." Nilikuwa navunja mawili, matatu, na kila moja nililijua lilivunjika kwenye kona gani.

Mzee Rajabu hakupenda hofu yangu. Nilikuwa naonja chumvi mara nne, narudi mezani kuangalia sahani baada ya kuipeleka, nasimama nyuma ya pazia kuwatazama watu wanavyotafuna. Siku moja akanivuta sikio, kweli, kwa vidole. "Mgeni hali wasiwasi wako. Anakula chakula. Mpe chakula, wasiwasi ubaki nao mwenyewe." Nilimwitikia. Kuacha sikuacha.

Barabara ikamalizika. Muhandisi Anselmo akarudi kwao, akaniachia kikaango chake cha chuma, kizito, cheusi, ambacho hakioshwi kwa sabuni. Mzee Rajabu akaenda Sur kukaa na binti yake. Mimi nikaja Nizwa, hapa kwenye nyumba ya wageni, mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Hapa nina kitu cha kuungama. Siku ya kuajiriwa niliulizwa nimejifunza wapi kupika. Nikasema, nimefundishwa na Mspania. Aliyeniuliza akaandika kwamba nimesoma Spania. Nikamwona anaandika. Sikumsahihisha.

Kimanda kikapata wenyewe. Walikula wazungu waliokuja kuiona ngome, walikula vijana wa kiwanda cha maji waliokuwa wanakuja kutoka Tanuf siku za Alhamisi, na walikula wazee wetu wa Unguja waliokuwa na vyeo serikalini. Hawa wa mwisho ndio walionitesa.

"Lete pilipili, bwana. Na ndimu."

"Hiki hakiliwi kwa pilipili, mzee wangu."

"Nani kasema?"

"Mspania mwenyewe."

"Yuko wapi huyo Mspania?"

"Kasharudi kwao."

"Basi lete pilipili."

Nilikuwa naleta. Lakini naiweka mbali na sahani, upande wa chumvi, kwa makusudi.

Wageni kutoka mjini walianza kuniuliza swali moja: Maskat nikipate wapi hiki? Nikaona aibu kwamba sijui. Na nyuma ya aibu palikuwa na jambo baya zaidi. Nilikuwa nimejifunza kwa mtu mmoja, kambini, juu ya jiko la mtungi. Pengine yeye mwenyewe alikuwa hajui kupika. Pengine mjini, kwenye hoteli kubwa, kipo kimanda cha kweli, na mimi miaka yote napika ujinga. Nikachukua likizo yangu ya wiki moja nikaenda kula.

Hoteli ya kwanza nililetewa kitu chembamba kama chapati, chekundu, kina nyanya, kitunguu na pilipili boga. Mbatata hata moja. Nikamwita mwandazi aliyeniletea, nikamwambia nimeagiza kimanda cha Kispania. Akasema, ndicho hicho. Hoteli ya pili walikuwa na mbatata, lakini ni chipsi za jana zilizofunikwa kwa yai, na chipsi zilikuwa bado zina hasira. Ya tatu waliniambia kipo lakini mpishi wake yuko likizo. Huyo nilimwelewa.

Basi jibu la swali lile nimekuwa nalitoa bila kuchoka: mjini hakiliwi popote. Ukitaka kukila toka mjini, pita Fanja, panda hadi Nizwa. Watu walidhani najisifu. Nilikuwa natoa maelekezo ya njia.

Miaka michache baadaye tukaletewa meneja mpya kutoka Maskat, Ustadh Talib. Alikuwa Mzanzibari mwenzangu, kijana wa rika langu, amesomea hoteli nje ya nchi, suruali yake imepigwa pasi mpaka inakata. Siku ya kwanza akaipitia menyu kwa kalamu nyekundu. Akaniita ofisini.

"Hiki kimanda cha Kispania. Kwa nini kina mbatata?"

"Ndivyo kilivyo, ustadh."

"Kitabu kinasema nyanya na pilipili boga. Hoteli zote zinapika hivyo. Wageni wanakuja wanachanganyikiwa." Akafungua faili langu. "Imeandikwa hapa umesoma Spania. Mji gani?"

Nilijua siku hiyo itakuja. "Ibra," nikasema.

"Nakuuliza chuo."

"Kambi ya barabara."

Akalifunga faili polepole. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Jumatatu wanakuja wakubwa kutoka makao makuu. Utapika kama kitabu kinavyosema. Hutaki, utavua aproni uende stoo, na jikoni hurudi tena."

Stoo mshahara ulikuwa ule ule, kwa hiyo msidhani naitetea riziki. Lakini mimi sikuwa na cheti, wala shule, wala ukoo wa wapishi. Nilikuwa na jiko. Ukiniondoa mbele ya jiko sikuwa mtu wa kazi yoyote. Na nilikuwa na jambo moja tu ninalolijua mpaka mwisho wake, ambalo nimelifikia kwa kosa, kwa kovu na kwa aibu, na sasa naambiwa niliache kwa sababu kitabu kimekosea.

Jumatatu asubuhi nikakuta nyanya na pilipili boga zimeshakatwa, ziko kwenye bakuli kando ya jiko. Ustadh Talib alizikata mwenyewe, na alizikata vizuri. Nikanawa mikono, nikalisukuma bakuli pembeni, nikachukua mbatata.

Tabaraka ilinipotea mara mbili, nikaanza upya mara mbili, na kila nikianza upya mbatata zinaendelea kuiva bila kunisubiri. Nikazima moto kwa kukisia. Nilipofika kwenye mpinduo nikafunika kwa sahani. Nikapindua. Kikaja kizima, cha rangi ya dhahabu, na mimi mwenyewe nikakichukua kupeleka mezani, maana sikutaka mwandazi alaumiwe.

Mezani walikuwa sita. Mkubwa wao alikuwa Bi Salma, mwanamke wa makamo wa Unguja mjini, mwenye miwani na sauti ya mwalimu. Ustadh Talib alisimama nyuma ya kiti chake. Alipokiona kimanda akafumba macho.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba, mwanangu. Hiki nini?"

"Kimanda cha Kispania."

"Mbona cha mjini chekundu?"

"Cha mjini si cha Kispania."

"Mpishi wetu mbishi, mama," akasema Ustadh Talib. "Tunaomba radhi. Kitabadilishwa sasa hivi."

"Hakibadilishwi," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto, lakini ilitoka. "Cha mjini nimekwenda kukila, hoteli tatu, kwa likizo yangu. Wanakudanganyeni. Ukitaka nivue aproni, ustadh, nitaivua, lakini nikishaivua kitakuwa bado ni cha mbatata."

Mmoja wa wale sita akacheka, akaona mwenyewe tu anacheka, akaacha. Bi Salma akakata kipande. Alitafuna taratibu, na mimi nilihesabu. Akakata cha pili. Kisha, bila kugeuka nyuma, akasema, "Talib, chukua uma uonje."

"Ahsante, mama. Mimi sili mayai."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni. Yananitoa vipele."

Sasa ndiyo akageuka. "Kwa hivyo hiki hujakila."

"Sijakila."

"Na cha nyanya?"

"Nacho sijapata kukila, mama."

"Haya. Huyu anagombania chakula anachokijua. Wewe unagombania kitu gani, baba?"

Nikadhani yameisha, nikaanza kuinua kichwa. Bi Salma akaninyooshea uma. "Na wewe, umezidisha chumvi. Ulimi pia."

Chumvi ni kweli. Kwa hofu nilitia mara mbili. Jambo hilo lilinikosesha raha kuliko ushindi ulivyonifurahisha, na bado linanikosesha.

Aproni ilibaki kwangu. Ustadh Talib hakuniomba radhi wala sikumwomba, lakini kalamu nyekundu haikurudi kwenye ule mstari wa menyu, na mchana ule nilimwona ofisini anakula nyanya zake na pilipili boga kwa mkate. Hakuwa mtu mbaya. Alifundishwa kwa kitabu kama mimi nilivyofundishwa kwa kikaango, na kila mmoja wetu alikuwa anamlinda mwalimu wake.

Tukafanya kazi pamoja kwa amani mpaka mwaka huu ulipokuja utaratibu mpya: kila mpishi awe na cheti, na asiye nacho aende mafunzoni mjini miezi sita. Karatasi aliniletea yeye mwenyewe, na uso wake haukuwa na furaha. Nikamuuliza kama kimanda cha Kispania kimo katika mtihani. Akanifungulia kitabu. Nyanya, pilipili boga.

"Nenda uandike wanavyotaka," akaniambia, "urudi upike unavyotaka. Kuna ubaya gani?"

"Siwezi kuandika uongo kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikapewa alama kwa uongo huo."

"Wewe una wazimu."

"Najua, ustadh."

Nitaungama na la mwisho: niliuogopa mtihani pia. Hofu ilikuwa nusu, na msimamo nusu. Sijui nusu gani ilitia saini barua ya kuacha kazi. Nimeacha kazi nina miaka thelathini na nne, na mitaani wanasema nimefukuzwa. Sikufukuzwa. Nimestaafu, na atakayebisha na aje aniulize.

Mabadiliko yaliyokuja ni haya. Jikoni pale sasa mko wapishi wanne, na kila mmoja wenu ana cheti chake kimetundikwa ukutani, kina kioo na fremu. Mpishi asiye na karatasi haajiriwi tena Nizwa, na hata mimi nikirudi leo sitaajiriwa. Menyu ni mpya, imepigwa chapa mjini. Mstari wa kimanda cha Kispania umo, na mnachokipika kina mbatata. Chuo hakikukufunzeni hilo. Nimekufunzeni mimi.